Kwa nini mlima hutuliza akili, na kwa nini wakati mwingine hautulizi

Ukimwambia mtu wa Mbeya mjini kwamba Jumamosi unapanda Loleza, atakuuliza kuna nini kule juu. Swali lake ni la haki. Kule juu kuna majani, mawe, upepo na minara ya mawasiliano. Hakuna soko wala ndugu wa kumsalimia. Anayepanda huwa na jibu lake la haraka, "napunguza mawazo", na jibu hilo limefunga pamoja mambo kadhaa yasiyofanana. Ndiyo maana wapo wanaofika kileleni, wakapiga picha, wakashuka magoti yakitetemeka, na mawazo waliyopanda nayo wakarudi nayo yote. Hao husema mlima ni uchovu tu, na kwa walichokipata siku hiyo wanasema kweli.

Maelezo tuliyoyazoea ni kwamba milimani kuna kimya, na mtu akikaa kwenye kimya naye hutulia. Mimi siyaamini. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu waliachwa chumbani peke yao, bila simu wala kitabu, kwa muda wa kati ya dakika 6 na 15. Wengi hawakupendezwa. Katika jaribio mojawapo waliwekewa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo walikuwa wameshaionja na kusema wako radhi kulipa fedha wasiipate tena. Ndani ya dakika 15, wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza kile kitufe, na wanawake 6 kati ya 24. Kimya walikuwa nacho tele. Walichokosa ni kitu cha kuishikia akili.

Mlima haumwachi mtu katika hali hiyo. Unaipa akili kazi: ndogo, isiyokatika, ya kipimo inachokiweza. Nafuu inatoka kwenye kazi hiyo, na kimya ni nyongeza tu. Ukilielewa hilo utajua kwa nini njia fulani inakufaa na nyingine inakuchosha bure, na kwa nini rafiki yako alirudi anang'aa kutoka mahali uliporudi wewe umenuna.

Umakini wa kulazimisha na umakini wa kuvutwa

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba umakini ni wa namna mbili. Upo ule unaoulazimisha: kujumlisha mauzo ya siku, kusoma mkataba wa mkopo, kusahihisha madaftari ya darasa zima. Na upo ule unaojiendea wenyewe: nyoka akikatiza njia, radi ikipiga, macho yanageuka kabla hujaamua. Huu wa kwanza una gharama. Kila dakika unayousoma mkataba unasukuma pembeni vingine vinavyotaka kuingia, kama njaa, ujumbe wa simu na maongezi ya meza ya jirani. Huko kusukuma ndiko kunakochosha hasa. Ikifika saa tisa alasiri unausoma mstari mmoja mara tatu na haukai kichwani, wakati mwili haujabeba hata debe moja.

Sasa simama Kabwe, hapo Mbeya mjini, saa kumi na moja jioni. Spika ya muuza dawa ya mende na kunguni inarudia maneno yaleyale, bajaji zinapenya, konda anaita Uyole, bodaboda anakupigia honi akiwa nyuma ya kisigino chako. Hapo umakini wako unavutwa tu, hujaulazimisha. Mtu angedhani ule wa kulazimisha umepata likizo. Haujapata, kwa sababu karibu kila kinachokuvuta inabidi ukikatae: dawa hununui, bajaji hupandi, na mkoba unauchunga usiondoke na mtu. Unasukuma kuliko ulivyosukuma ofisini. Ndiyo maana kutoka kazini na kupita sokoni ukitembeatembea hakumpumzishi mtu, hata kama miguu imenyooka.

Rachel na Stephen Kaplan, mke na mume waliokuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Michigan, walilieleza jambo hili kwa kina kufikia mwaka 1989. Walisema viko vitu vinavyovuta macho kwa upole, kama mawingu yanavyotambaa, majani yanavyocheza na maji yanavyopita kwenye mawe. Vinatosha kuishika akili, lakini haviijazi yote, na wala havikudai uvikatae. Kwa muda huo umakini wa kulazimisha hauna cha kusukuma, na hapo ndipo unapopumzika.

Mwaka 2008 Marc Berman, John Jonides na huyohuyo Stephen Kaplan walilijaribu. Washiriki walisomewa tarakimu wazirudie kinyumenyume: ukiambiwa 4, 9, 2, 7 unajibu 7, 2, 9, 4, na tarakimu zinazidi kuongezwa. Wakachoshwa kwa zoezi jingine la akili, kisha wakatumwa kutembea kwa muda usiofika saa nzima, wengine kwenye bustani ya miti, wengine katikati ya mji wa Ann Arbor. Baada ya wiki wakabadilishana njia. Waliotoka kwenye miti walirudia tarakimu vizuri zaidi kuliko mwanzo, na waliotoka mjini hawakupata nafuu ya maana. Kinachonivutia zaidi ni kwamba baadhi yao walitembea Januari, kwenye baridi kali ya Michigan, wala hawakuifurahia njia kama wenzao wa majira ya joto, lakini nafuu waliipata vilevile. Anayeijua baridi ya milima ya Uporoto mwezi wa saba, umande umeganda kwenye majani na vidole havishiki kamba za viatu, ataona faraja iliyomo humo. Si lazima siku iwe nzuri. Si lazima hata uifurahie.

Niseme pia kwamba tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Katika vipimo vingine nafuu ilikuwa ndogo, na katika vingine haikuonekana kabisa. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba msitu utakuongezea akili anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kinachopumzika ni sehemu moja, ile iliyochoka.

Miguu inavyofikiri

Mawingu na majani ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko miguuni, na mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza, ingawa wanaoandika juu ya misitu na afya ya akili huipita haraka.

Chukua njia ya kwenda Ziwa Ngozi, ziwa lililo ndani ya kreta ya volkano, kati ya Mbeya na Tukuyu. Unashuka kwenye Kosta ya Tukuyu pale Isongole, unapita kwenye mashamba ya viazi, watoto wanakusalimia, na njia ni pana kiasi kwamba miguu inajiendea. Kisha unaingia msituni, na baadaye mlima unasimama. Kipande cha mwisho kabla ya kufika ukingoni ni cha udongo uliofunikwa na majani yaliyooza, na mvua ikiwa imenyesha usiku hakuna pa kukanyaga kwa uhakika. Mguu unatafuta mzizi. Mzizi mkavu unakushika, lakini wenye ukoga unateleza kuliko tope lenyewe, na ukiuangalia vizuri unautambua kwa rangi: ule wa kijani kinachong'aa uache. Mkono unatafuta mwanzi wa kujivutia. Mbichi unapinda na kukubeba, mkavu unakatika na kukuachia kipande kiganjani. Haya yote unayaamua ndani ya nafasi ya hatua moja, na hatua inayofuata inakuja na maswali yake.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, wakiongozwa na Jonathan Matthis, waliwavisha watu vifaa vya kufuatilia macho wakawatembeza kwenye njia za aina mbalimbali. Kwenye njia laini macho yalizurura yatakavyo. Kwenye mawe karibu muda wote yalikuwa chini, yakitazama mahali ambapo mguu ungefika baada ya sekunde 1.5 hivi. Njia ikizidi ugumu, watu walipunguza mwendo, lakini ile sekunde moja na nusu haikubadilika sana. Hiyo ndiyo sasa ya mtu aliyeko mlimani. Haina nafasi ya mkutano wa Jumatatu.

Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia mwenye asili ya Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alianza kuandika juu ya hali hii miaka ya 1970 baada ya kuwahoji wapanda majabali, wacheza sataranji, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji. Wote walimweleza kitu kimoja: wanazama kwenye kazi mpaka wanajisahau, na saa zinapita bila wao kujua. Alipochunguza masharti yake aliona matatu yanayojirudia. Lengo liwe wazi. Jibu la ulichofanya lije papo hapo. Na ugumu ulingane na uwezo wako. Kwenye kile kipande cha Ngozi lengo ni mzizi unaofuata, na jibu huja papo hapo: umesimama au umekaa kwenye tope. Mkuu wa kazi anayekupa tathmini mara moja kwa mwaka hawezi kushindana na hilo.

Sharti la tatu ndilo linalowaponza wengi. Ugumu ukizidi uwezo, mtu hazami, anaogopa. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000. Mvua yake si ya kubahatisha, na ukungu ukishuka hujui njia iliyokuleta iko upande gani. Mgeni wa milima akianza na huo anakuwa na kazi moja tu kichwani, kuhesabu saa zilizobaki kabla ya giza. Hapo umakini wote umekwenda kwenye hofu. Ni hifadhi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo unaingia kwa utaratibu wao, unaanza mapema, na unakwenda na mwenyeji anayeijua njia. Mwenyeji huyo si wa usalama peke yake. Akishakuwepo, ile sehemu ya akili iliyokuwa inauliza "tumepotea?" inapata ruhusa ya kunyamaza, na macho yanarudi kwenye mizizi. Watu hubana fedha hapo, na ndiyo fedha ya mwisho ambayo mimi ningeibana.

Ugumu ukipungua sana nako hakuna kitu. Barabara pana ya vumbi, iliyonyooka, haikuulizi chochote. Unatembea kilomita nyingi huku kichwani unaendelea na ugomvi wa juzi, na mwisho umemshinda yule bwana kwa hoja ambazo hatazisikia kamwe.

Mawazo ya saa ya kwanza

Karibu kila anayepanda hukutana na jambo hili, na wengi hulichukulia kama dalili ya kushindwa: saa ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Ada ya mtoto, maneno ya shemeji, hela ya kikoba, vyote vinapanda nawe. Mjini ulikuwa hujavisikia kwa sauti hiyo.

Sababu inajulikana kwa sehemu. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis walieleza kwamba ubongo una maeneo yanayofanya kazi zaidi pale mtu anapokuwa hana kazi maalumu mbele yake. Watafiti wengine wameyahusisha maeneo hayo na kujifikiria, kukumbuka yaliyopita na kupanga yajayo. Kwa hiyo ukiondoka kwenye kelele na kabla njia haijaanza kukudai, unaipa sehemu hiyo uwanja wote. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliwauliza watu 2,250, kupitia simu zao na kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu nusu ya nyakati hizo akili haikuwepo kwenye kazi iliyoko mikononi, na ilipokuwa imeondoka watu kwa wastani walikuwa na furaha pungufu kuliko ilipokuwepo.

Wapo wanaochukua habari hiyo na kutangaza vita dhidi ya kila wazo linalozurura. Hapo sikubaliani nao. Kuwaza ukitembea kuna faida yake: mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Stanford walionyesha kwamba watu walitoa mawazo mapya mengi zaidi wakiwa wanatembea kuliko wakiwa wamekaa, hata pale walipotembea ndani ya chumba kwenye mashine wakitazama ukuta. Wazo linalozurura na kugundua kitu, liache lizurure. Linalosumbua ni lile lisilogundua chochote, lenye kurudia jambo moja na hatia moja, kama ng'ombe anayecheua nyasi alizokwisha kuzimeza. Hilo nalo limepimwa. Gregory Bratman na wenzake, pia wa Stanford, mwaka 2015 waliwapeleka watu matembezi ya dakika 90, kundi moja kwenye nyasi na miti, kundi jingine kando ya barabara kuu yenye magari. Waliotembea kwenye nyasi walirudi wakiwa wamepunguza kucheua huko. Wa barabarani walirudi kama walivyokwenda.

Kwa hiyo katika siku moja ya mlima unapita kwenye hali tatu, na kila moja ina kazi yake. Mwanzoni unacheua. Penye mwinuko mkali unazama, na kucheua kunakatika kwa sababu hakuna nafasi. Juu, njia inapolainika na macho yanapata mawingu na maua, umakini wa kulazimisha unapumzika na mawazo yanakuja tena, ila safari hii yanakuja kwa mpangilio mwingine. Anayejilazimisha kuwa "hapa na sasa" tangu geti la kwanza anaibadilisha safari nzima kuwa kazi ya ofisi: anasukuma, anasukuma, anachoka. Dawa ya saa ya kwanza ni kuendelea kutembea.

Tukija kwenye huko kuwepo "hapa na sasa" kwenyewe, ninavyokuelewa mimi, hakumaanishi kutowaza. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya utulivu wa akili kwa wagonjwa huko Massachusetts mwaka 1979, aliwafundisha watu kugundua kwamba akili imeondoka, kisha kuirudisha bila kujigombeza. Aliwatumia pumzi. Mlimani pumzi huhitaji kuitafuta. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, na kilele cha Loleza kiko mita 2,656. Unapanda karibu kilomita nzima kwenda juu, hewa inapungua, na unafika mahali huwezi kumaliza sentensi bila kusimama. Wenye kupenda kuongea huo mwinuko unawanyamazisha bila kugombana na mtu. Mimi huhesabu hatua nne kwa pumzi moja ya ndani, nne kwa ya nje, nikifika penye mawe zinakuwa mbili. Hesabu ikipotea najua nimeondoka. Naanza tena moja.

Simu kileleni

Loleza ina kichekesho chake: umetoka mjini kukimbia simu, na unakokwenda ndiko iliko minara. Mtandao umejaa. Ujumbe wote uliokuwa umekwama njiani unaingia kwa mpigo ukiwa unafungua chupa ya maji.

Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake waliripoti kwamba watu waliofanya majaribio ya akili huku simu ikiwa mezani, hata kama haikuita, walifanya vibaya kidogo kuliko wale walioiacha chumba kingine. Waliorudia jaribio hilo hawakupata matokeo yaleyale wote, kwa hiyo siliegemei sana. Picha ndiyo hoja yangu. Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield aliwatembeza watu kwenye makumbusho, baadhi ya vitu wakavitazama tu na vingine wakavipiga picha. Kesho yake walivikumbuka kidogo vile walivyovipiga picha nzima. Lakini waliposogeza kamera na kupiga sehemu ndogo ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, na yamenibadilishia mwenendo kuliko mahubiri yote ya kuzima simu. Picha ya mji mzima kutoka juu, ambayo kila mtu anayo, inaiambia akili kwamba kazi imeshafanywa na inaweza kusahau. Picha ya ua moja, uliyolazimika kupiga goti na kulitafuta kwenye majani, inakutaka utazame kwanza. Simu yenyewe ni ileile.

Njia moja, mizigo tofauti

Kuna swali ambalo makala za namna hii hulikwepa. Kwenye njia za milima yetu anayeonekana zaidi si mpanda mlima wa Jumamosi. Ni mama aliyebeba kuni, ni kijana mwenye magunia ya viazi kwenye baiskeli, ni mtoto wa shule. Kama miti na mwinuko vinatuliza akili, mbona hao hawasemi wanapunguza mawazo?

Niliwahi kupishana na bibi mmoja akishuka na mzigo wa kuni kichwani, mikono haijashika kitu. Nikamwamkia. "Marahaba, mjukuu wangu. Unamfuata nani huko?" Nikamwambia natembea tu. "Kutembea tu?" Akacheka mpaka mzigo ukayumba. "Basi nibebee hizi, utembee nazo." Nilizibeba kipande, begani, kwa sababu kichwani zilinishinda. Mbele yangu yeye alikanyaga mawe yaliyolegea bila kuyatazama, akiniambia wapi pana utelezi kabla sijafika.

Kwa kipimo cha umakini miguuni, yule bibi ananishinda mbali. Tofauti iko kwingine. Akina Kaplan walisema mahali pa kupumzishia akili panatakiwa pia pakuondoe kwenye majukumu yako ya kila siku, na kwake ile njia ndiyo jukumu lenyewe. Kule juu kwangu ni mbali na kazi. Kwake ni kazini, na chini kunamsubiri kupika. Miti ni ileile, ila mimi nakwenda kwa hiari na ninaweza kugeuza nikichoka. Nadhani hiari hiyo ina uzito mkubwa kuliko tunavyokubali, na ndiyo maana kumwambia mkulima wa Isongole akapunguze mawazo msituni ni kumkosea adabu. Mwulize yeye anatulia wapi. Wengine watakwambia kanisani, kwaya inapofanya mazoezi. Wengine watakwambia kwenye kijiwe, kwenye bao, ambako nako lengo liko wazi na jibu ni la papo hapo.

Kwa asiyepanda

Wasioweza mwinuko, kwa magoti au kwa moyo, wana Kitulo. Ni uwanda ulioko kwenye mita 2,600 hivi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Kuanzia Desemba hadi Aprili nyasi zinajaa maua, yakiwemo ya jamii ya okidi, aina zaidi ya arobaini. Mizizi ya baadhi yao ndiyo inayotengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na kuchimbwa kwake kwa wingi kupelekwa Zambia ni sababu mojawapo iliyofanya eneo hilo lilindwe.

Kazi ya Kitulo ni ya macho. Ukisimama barabarani unaona rangi tu, na baada ya dakika chache umeshiba. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji wakipasiana mpira na kuwataka wahesabu pasi. Mtu aliyevaa vazi la sokwe akapita katikati, akajipiga kifua, na karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Tunaona tunachokitafuta. Kwa hiyo usiende Kitulo kuona maua. Nenda kutafuta ua moja: okidi ya kijani, zilizopo ni fupi na zinafanana na nyasi zinazozizunguka. Utainama, utasogea hatua mbili, utainama tena. Utakuta wadudu hukuwahi kuwawaza na ukungu umekupita bila kuuona.

Na asiye na siku nzima wala nauli ya kufika huko asidhani habari hii haimhusu. Matembezi ya Michigan hayakufika hata saa moja. Walioko Iringa mjini wana Gangilonga, jiwe ambalo simulizi za Wahehe zinalihusisha na Mkwawa. Unaweza kutoka kazini, ukalipanda na kurudi nyumbani kabla ya giza. Mwinuko wake ni mfupi lakini kuna mahali pa kutumia mikono, na hapo ndipo pa kuanzia. Ukilizoea mpaka mikono inajua pa kushika bila wewe kuamua, ujue limekwisha kukupa la kwake. Tafuta upande mwingine wa kulipandia, au ongeza mlima.